Siku ya Kazi Mtwara: Kutoka Kipande hadi Kilo

Mto Ruvuma unaingia baharini kwa utulivu, umetawanyika kati ya mikoko na mafungu ya mchanga. Upande wa kaskazini wa maingilio yake kuna Msimbati na Ghuba ya Mnazi. Upande wa kusini ni Msumbiji. Watu wa pwani hii wameishi kwa kalenda mbili, ya mvua na ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hutoka mbali, na wanawake hushuka na vijiti na ndoo kutafuta pweza na chaza kwenye miamba. Hakuna anayepiga kengele. Maji yakianza kujaa wanarudi, na kazi ya bahari imekwisha kwa siku hiyo. Juu, kwenye uwanda wa Makonde, kalenda ni ya shamba: kufyeka, kupanda, kupalilia, kisha kukesha mashambani ili nguruwe wasimalize muhogo.

Maisha hayo hayakuwa pepo. Kulikuwa na njaa, na juu ya uwanda wa Makonde kulikuwa na kiu. Hata hivyo siku ilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 150 sasa, wageni na watawala wa kila aina wamekuja kuipima siku hiyo kwa kipimo chao: kichwa cha mtumwa, rupia za kodi, kisanduku kwenye kadi, daftari la kijiji, na kilo ya korosho. Kila mmoja aliwaambia watu wa Kusini wafanye kazi zaidi, nao wakafanya. Bidii yao haikuwahi kuwa ndogo kiasi cha kueleza umaskini wao. Maelezo yanapatikana kwa aliyekuwa akihesabu, na kwa meli zilizoondoka na mzigo.

Misafara na sandarusi, hadi 1888

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alifika kwenye maingilio ya Ruvuma akitaka kupita huko kwenda bara. Mikoko na matope vilimshinda yeye na ngamia wake, ikabidi ateremkie Mikindani, kaskazini kidogo. Mji huo ulikuwa na bandari nzuri, wafanyabiashara Waarabu, Wahindi na Waswahili, na bidhaa zilizotoka bara: pembe za ndovu, sandarusi, na watu. Alipokwea kufuata mto aliandika juu ya watumwa aliowakuta wamekufa au kuuawa njiani.

Njia kuu za watumwa kutoka Ziwa Nyasa zilielekea Kilwa, lakini Lindi na Mikindani zilikuwa na sehemu yao. Wengi waliishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Huko, hata utumwa ulikuwa na desturi ya muda: kwa kawaida mtumwa wa shamba alimfanyia kazi bwana wake siku tano, Alhamisi na Ijumaa akalima kipande chake mwenyewe. Siku hizo mbili hazikuwa hisani tupu. Zilimwezesha mtumwa kujilisha, na bwana akapunguza gharama. Hesabu ya namna hiyo, ya kumwacha mfanyakazi ajilishe kwa muda wake ili mwajiri alipe kidogo, itarudi tena na tena katika simulizi hii ikiwa imevaa nguo nyingine.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi, wakaanzisha makazi yao huko. Biashara kwenye pwani ya kusini haikufa siku hiyo hiyo. Ilijificha, ikapungua polepole, na mahali pake pakachukuliwa na mpira wa porini, uliogemwa kwenye mitambaazi ya msituni na kuuzwa kwa Wahindi wa mwambao.

Rupia tatu, 1888–1916

Mwezi Desemba 1886 Wajerumani na Wareno waliketi Ulaya wakakubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Watu waliokuwa na ndugu, mashamba na makaburi pande zote mbili hawakuulizwa. Mwaka 1894 Wajerumani walijitwalia pia Kionga, pembe ndogo ya ardhi kusini ya mlango wa mto, nayo ikarudi kwa Wareno wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vita vya pwani vya 1888 viliwafukuza kwa muda maofisa wa kampuni ya Kijerumani kutoka Mikindani na Lindi. Walirudi na jeshi. Boma la mawe lilijengwa Mikindani mwaka 1895, nalo lipo hadi leo juu ya mji. Kilichobadilisha maisha ya watu wa kawaida, hata hivyo, kilikuwa kodi ya nyumba. Ilitangazwa mwishoni mwa miaka ya 1890, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi.

Maana yake ilieleweka upesi. Mtu aliyekuwa na muhogo, mtama, kuku na jamaa hakuwa maskini, ila hakuwa na rupia. Ili kuipata alilazimika kuuza mazao, kugema mpira, au kuuza siku zake kwa mzungu. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyetawala kwenye uwanda wa Makonde na ambaye mwaka 1890 alikataa kwa barua kumtii Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikataa pia kodi hii. Mwaka 1899 majeshi ya Wajerumani yalimfuata, naye akavuka Ruvuma na kuhamia Msumbiji.

Kisha likaja shamba la pamba. Kuanzia mwaka 1902, katika wilaya kadhaa za pwani na nyuma yake, serikali ya Gavana von Götzen iliamuru kila jumbe awe na shamba la pamba, na watu wake walilime kwa zamu. Mpango ulisema siku 28 kwa mwaka. Kwa mtu wa ofisini siku 28 ni chache, lakini zilidaiwa wakati uleule wa kupalilia mashamba ya chakula, na malipo yalipogawanywa kati ya wakulima, majumbe na idara ya serikali ya kuuza pamba, kilichomfikia mlimaji kilikuwa dharau. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa milima ya nyuma ya Kilwa waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kuanza kwa Vita vya Maji Maji. Moto ulifika Liwale, Nyangao na Masasi. Uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa ulibaki nje. Njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi.

Mwaka 1906, vita vikiwa vinamalizika, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikaa Newala kuchunguza maisha ya watu wa uwanda huo. Miongoni mwa aliyoyaandika ni safari za kufuata maji: juu hakuna chemchemi, na maji yako chini ya mteremko mkali. Wanawake walishuka na vyombo vyao na kupanda tena wakiwa na maji kichwani. Kodi haikuzitambua saa hizo. Kwa hesabu yake, aliyebeba maji kutwa alikuwa hafanyi kazi yoyote.

Watumwa je? Tangazo la Kijerumani la 1904 liliwaacha huru watoto ambao wangezaliwa kuanzia mwaka 1906 tu. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza, waliowarithi Wajerumani baada ya vita, mwaka 1922.

Kadi yenye visanduku thelathini, 1919–1946

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dokta Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyobaki hai baada ya safari ndefu kutoka Florida. Kizazi kimoja baadaye mashamba yalikuwa yameenea Tanga, kando ya reli ya kati, na kusini katika wilaya za Lindi na Mikindani.

Kipimo cha kazi mashambani kilikuwa kipande. Kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Mkataji aliingia shambani kabla ya jua kukaza, akapewa ngwe yake. Alikata jani kwa jani, akaondoa miba ya ncha, akafunga mafungu na kuyabeba hadi kwenye njia ya troli. Akimaliza kiasi alichopangiwa, karani alitia alama kwenye kisanduku kimoja. Asipomaliza, kisanduku kilibaki kitupu, hata kama alikuwa ametoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulilipwa visanduku vyote 30 vilipojaa. Jumapili haikuhesabiwa, homa haikuhesabiwa, mvua iliyozuia kazi haikuhesabiwa. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande uliweza kuchukua majuma matano, sita, au zaidi.

Wenye mashamba walikipenda kipande kwa sababu kiliwapa kazi iliyokamilika kwa bei inayojulikana. Ni haki kusema pia kwamba baadhi ya wafanyakazi walikipenda kwa sababu zao: kijana mwenye nguvu alimaliza ngwe mapema na mchana ulikuwa wake, na aliyetaka kwenda kuvuna kwake aliacha visanduku vikimsubiri. Lakini sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilihakikisha nani mkubwa. Kutoroka kazi ya mkataba lilikuwa kosa la jinai, na mtu aliweza kufungwa kwa kuvunja mapatano ambayo mwajiri angeyavunja akaishia kudaiwa tu.

Kusini, kipande kilijazwa kwa kiasi kikubwa na watu waliovuka mto. Upande wa pili wa Ruvuma, Kampuni ya Nyassa ilitawala kaskazini ya Msumbiji kwa hati ya mfalme wa Ureno hadi mwaka 1929. Ilitoza kodi, ikakamata watu kwa chibalo, yaani kazi ya lazima, na ikajenga kidogo sana. Serikali ya Kireno iliyoirithi ilileta balaa jingine: kuanzia mwaka 1938 pamba ikawa ya lazima, mnunuzi akiwa kampuni moja tu iliyopewa eneo zima, kwa bei iliyopangwa na serikali. Familia zilizopaswa kulima muhogo na mtama zilipangiwa eneo la pamba, na msimamizi alipita kukagua palizi.

Ndipo Wamakonde wa Msumbiji walipopiga hesabu yao wenyewe. Kipande cha Mwingereza kilikuwa kigumu, mshahara mdogo, mnyapara mkali. Hata hivyo mwisho wa visanduku kulikuwa na shilingi, na duka la kununua kaniki na jembe. Walivuka kwa mitumbwi kwa maelfu, wakajaza mashamba ya Lindi na Mikindani, wengine wakaendelea hadi Tanga. Wakati wa mtikisiko wa uchumi, bei ya mkonge ulimwenguni ilipoanguka kwa zaidi ya nusu mwanzoni mwa miaka ya 1930, mishahara ilikatwa na bado watu walivuka. Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo hesabu za mishahara peke yake hazilisemi: mshahara mbaya wa Mikindani ulionekana mwema kwa sababu ya ubaya uliokuwa ng'ambo. Tajiri wa mkonge alikuwa akifaidika kila siku na ukatili wa Mreno, bila kuulipia senti.

Vita vya Pili vya Dunia vilikaza kamba zaidi. Wajapani walipotwaa Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1942, Uingereza ilihitaji mkonge na mpira wa Tanganyika kwa kila hali, na serikali ikaandikisha watu kwa lazima kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya watu binafsi. Taifa lililosema linapigania uhuru wa ulimwengu lilimkamata mkulima kijijini na kumkabidhi kwa mwenye shamba.

Karanga na bandari, 1947–1962

Baada ya vita Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Serikali ya chama cha Labour ililichukua wazo hilo kwa pupa. Zaidi ya ekari milioni 3 zingelimwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25.

Yaliyotokea yanajulikana. Matrekta yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya jeshi yalivunjika kwenye mizizi, ardhi ya Kongwa iligeuka saruji kiangazi kilipofika, na mwezi Januari 1951 mpango ulitupwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36. Lakini kwa Mtwara mpango ule haukuwa hasara tupu. Ili kusafirisha karanga za Nachingwea zilihitajika reli na bandari ya maji mengi, na ghuba ya Mtwara ilikuwa na kina kinachoruhusu meli kubwa kusogea karibu na nchi kavu. Mji mpya ulipimwa kwa barabara pana, na gati likajengwa. Makao makuu ya jimbo yalihamishwa kutoka Lindi. Mikindani, mji wa karne nyingi, ukabaki pembeni.

Kwa miaka michache kulikuwa na kazi za mshahara kuliko zilivyowahi kuwapo kusini: madereva, mafundi, wapagazi wa bandarini, waashi. Kisha karanga hazikuja. Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Nchi huru ilianza maisha yake na bandari nzuri isiyokuwa na reli nyuma yake, na hali hiyo haijabadilika.

Saa za Azimio, 1961–1976

Uhuru ulileta sheria za kima cha chini cha mshahara, na mshahara wa mkonge ukapanda kweli. Wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu na kudai kazi zaidi kwa waliobaki. Hapo hapo kamba za plastiki zikaanza kulipiga soko la mkonge. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, wakati utajiri wake ulikuwa umeshaanza kuondoka.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linakumbukwa kwa benki na miiko ya viongozi. Wachache wanakumbuka kwamba lina sehemu inayozungumzia saa za kazi waziwazi. Lilieleza kwamba mwajiriwa wa mjini anafanya kazi saa saba na nusu au nane kwa siku, jumla kama saa 45 kwa wiki, likaona kwamba kwa nchi maskini hizo ni chache. Likakigeukia kijiji na kusema jambo ambalo hakuna gavana aliyewahi kulisema: kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Ni ukweli ambao ungemgusa Weule pale Newala miaka 60 nyuma. Tofauti ni kwamba sasa uliandikwa na TANU, chama kilichokuwa kikitawala.

Ukweli huo haukugeuzwa kuwa sera. Kijiji cha ujamaa kilipoundwa, kazi ya pamoja ilihesabiwa kwa mahudhurio kwenye daftari: nani alifika shambani, nani hakufika. Kupika, kutwanga, kuteka maji na kulea havikuwa na ukurasa. Mwanamke alitoka shamba la pamoja akaingia kwenye saa zake nyingine, zilezile za zamani.

Juu zaidi ya Mto Ruvuma, huko Songea, kulikuwa na mfano tofauti. Vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kikiongozwa na kijiji cha Litowa na watu kama Ntimbanjayo Millinga, vilipanga vyenyewe ratiba ya kazi, vikagawana mapato na kuendesha shule yao. Rais Nyerere aliwapenda. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, kwa kuwa viongozi wengi wa juu hawakutaka vijiji vinavyojiamulia. Kuanzia hapo ujamaa ulikuwa ukishuka kutoka ofisini.

Mtwara ilikuwa na sababu ya ziada ya kukusanya watu. Mauaji ya Mueda, Msumbiji, ya Juni 1960, ambapo Wareno waliwapiga risasi Wamakonde waliokusanyika kudai haki zao, yaliwasukuma wengi kaskazini. Vyama vya wahamiaji kwenye mashamba ya mkonge viligeuka vyama vya siasa, vikaingia katika FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliyoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Vita vilipoanza Septemba 1964, Nachingwea ya karanga ikawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji, na Mtwara ikawa na hospitali yao. Ndege na mabomu ya kutegwa ya Mreno vilifika vijiji vya mpakani. Vijiji vya ujamaa kando ya Ruvuma vilikuwa pia ngome, na mkoa ukawa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa idadi ya vijiji hivyo. Watu waliovuka mto wakifuata kipande, sasa watoto wao walivuka kurudi wakiwa na bunduki. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Mikorosho yaachwa porini, 1973–2007

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili karne nyingi zilizopita, ukazoea mchanga wa Kusini kama mwenyeji. Baada ya Vita vya Pili, viwanda vya Kerala nchini India vilipotafuta korosho ghafi, wakulima wa Mtwara walipanda kwa hiari yao. Hakuna aliyewalazimisha. Zao hili lilifaa nguvu walizokuwa nazo: palizi moja au mbili, kisha kuokota kuanzia Oktoba hadi Januari, muhogo ukiendelea kukua kati ya miti. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilifikisha tani 145,000 na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani.

Miaka kumi na kidogo baadaye zao lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000.

Sababu ziliungana. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na miti yao, na mkorosho usiofyekewa humezwa na msitu. Ugonjwa wa ubwiri unga uliharibu maua. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka ya zao ikabaki mnunuzi pekee, na sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua. Mkulima aligoma kwa namna pekee aliyoijua: hakuandamana, aliacha kuokota na kupeleka nguvu zake kwenye muhogo. Viongozi waliita hilo uvivu. Ilikuwa hesabu sahihi ya mtu aliyejua saa zake zina thamani gani.

Wakati huohuo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nchi ilijengewa viwanda vya kubangua korosho. Vilikuwa 12 kwa jumla, na vilipokamilika korosho za kuvijaza hazikuwapo. Mashine zilipata kutu kwenye majengo makubwa ya Newala, Mtama, Lindi na kwingineko, na baadaye mengi yaliuzwa kwa watu binafsi. Yapo yaliyoishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zikisubiri meli.

Soko huria la miaka ya 1990 lilileta wanunuzi wengi, na salfa ya kupuliza ikarudisha mavuno, kwa msaada wa watafiti wa kituo cha Naliendele. Lilileta pia kangomba. Mfanyabiashara alikuja miezi ya njaa, akatoa fedha kidogo, na mavuno yalipofika alichukua korosho kwa bakuli lake mwenyewe, bila mizani. Anayeuza hivyo ameuza kazi ya msimu mzima kabla hajaifanya. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kumaliza hilo: mkulima apeleke korosho chama cha msingi, zipimwe, zihifadhiwe na kuuzwa kwa mnada. Bei ilipanda, lakini malipo yalichelewa na makato yalikuwa mengi. Mwezi Aprili 2013 hasira za malipo pungufu zililipuka Liwale, na nyumba zikachomwa.

Bomba, 2012–2015

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa chini miaka zaidi ya 20. Serikali ilipotangaza kujenga bomba la kilomita 542 hadi Dar es Salaam kwa mkopo wa China, watu wa Mtwara waliandamana mwezi Desemba 2012 wakisema gesi haitoki. Wasiowaelewa waliwaita wabinafsi. Waliokumbuka mpira, mkonge, karanga na korosho ghafi waliwaelewa vizuri: walikuwa wakidai kwamba safari hii kiwanda kijengwe mahali mzigo unapotoka. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati ilipokuwa ikisomwa bungeni, mji uliwaka moto. Watu walipoteza maisha, jeshi likaingia mitaani, na wengi wakatiwa mbaroni. Bomba likakamilika na kuzinduliwa Oktoba 2015.

Mwezi huohuo kilizinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Ni ushindi ambao mkoa haukuwahi kuupata. Gesi yenyewe, kinyume chake, haihitaji mikono mingi. Ajira zake nyingi zilikuwa za ujenzi, zikaisha na ujenzi.

Kilo, kuanzia 2018

Msimu wa 2017/18 uzalishaji wa korosho ulipita tani 300,000, na bei mnadani ilifika karibu na shilingi 4,000 kwa kilo. Katikati ya mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria, na fungu la ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje lililokuwa likiendeleza zao likaelekezwa Hazina. Msimu ulipofunguliwa wanunuzi walitoa bei za chini na wakulima wakakataa kuuza. Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, na tarehe 12 Novemba akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likibeba. Bei ilikuwa ya heshima. Lakini kila mkulima alihakikiwa kwanza, aliyeshukiwa kangomba alizuiliwa malipo, na wengi walingoja miezi. Kwa mara nyingine aliyefanya kazi alitakiwa athibitishe kwamba alifanya.

Tangu hapo mnada umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki, na Oktoba 2024 msimu ulifunguliwa kwa bei iliyozidi shilingi 4,000. Nyumba za bati na pikipiki za vijijini Tandahimba na Newala zinaonyesha fedha imeingia. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho bado inaondoka ikiwa ghafi kwenda Vietnam na India, na kazi ya kubangua inaondoka nayo.

Serikali imepanga kongani ya viwanda vya korosho huko Maranje, mkoani Mtwara, ili ubanguaji ubaki nchini. Wanaoipanga wanapaswa kukaa kwanza na mbanguaji mmoja. Kwa kawaida ni mwanamke, analipwa kwa kilo ya kokwa alizotoa, na ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza vidole. Anajipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza. Kokwa ikivunjika, thamani yake inashuka. Siku akipata mzigo mbaya, anatoka na fedha kidogo kwa saa zilezile. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, idadi ileile iliyotajwa Arusha mwaka 1967. Malipo ya kilo pekee yanaweza kuipita sheria hiyo kimyakimya, kama kipande kilivyoupita mwezi wa kalenda.

Basi mikataba ya Maranje iandikwe ikiwa na kima cha chini kwa saa, na malipo ya kilo yaje juu yake. Mizani ikaguliwe na wafanyakazi wenyewe. Na maji yafike vijijini, ili saa za mwanamke zisiishe njiani kabla hajafika kiwandani. Wabunge wa Mtwara na Lindi wayadai haya sasa, kabla mashine hazijafungwa.